Malashi ya Treni

Mama yangu alikuwa akitengeneza munkoyo wa kuuza, na pua yangu niliirithi kwake. Munkoyo ni kinywaji cha mizizi na unga wa mahindi. Mzizi mmoja mbaya unaharibu mtungi mzima, kwa hiyo mama alinusa mara tatu: mzizi ukiwa mkavu, mzizi ukiwa umelowa, na asubuhi ya pili alinusa kalabashi, kibuyu cha kunywea, iliyokwisha kunywewa. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoiamini. "Kalabashi yenye haina kintu haidanganyake," alikuwa akisema, na mimi nilikua nikidhani watu wote wananusa hivyo.

Nilipoolewa nikahamia kambi ya wafanyakazi wa reli, hapa Elisabethville, na haukupita mwaka kambi nzima ikanijua kwa pua. Jirani akinunua samaki mkavu, ananiletea kwanza. Unga wa muhogo, mafuta ya ngazi, yaani mawese, maziwa ya mtoto, vyote vilipita kwangu. Nilisema ilivyo. Kama samaki amekaa karibu na petroli nilisema amekaa karibu na petroli, hata kama mwenye samaki alikuwa amekwisha kuwaalika wageni. Wengine walininunia. Shauri lao.

Bwana yangu alikuwa mchochea moto kwenye lokomotivi, yule anayetupa makaa tumboni mwa mashini mchana kutwa. Njia yake ilikuwa ya kaskazini. Aliondoka Jumapili, akarudi Alhamisi, akapumzika, akaondoka tena. Tulikuwa na binti mmoja aliyekuwa bado anabebwa mgongoni, na mama mkwe wangu alikaa nasi tangu alipofiwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mchapa kazi, mwenye maneno machache, na hayo machache alikurudishia hata baada ya mwaka.

Sasa lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo haya yote hayaeleweki. Watu wa bwana yangu zamani walikuwa wawindaji. Mwindaji akiwa porini, mke wake nyumbani anachunga njia: hajipaki mafuta, hasuki nywele upya, hagombani, haketi kwenye mkeka wa mtu mwingine. Akivunja, mnyama anamgeukia mume. Reli ilipokuja na vijana wakaacha pinde wakashika majembe ya makaa, desturi nayo ikapanda treni. Katika kambi yetu wanawake wengi waliishika, hata wale waliokwenda misa kila siku. Na mume akirudi haingii ndani kwanza. Anasimama nje, mke anamwendea, na kama mke ana neno la kuungama analisema hapo, kabla mguu haujavuka mlango. Mimi niliishika miaka mitano bila shida, kwani kukaa siku nne bila mafuta si kazi kubwa.

Mpakani mwa komini Albert, mtaa wa watu weusi, kulikuwa na magazini, yaani duka, ya Mgiriki mmoja, mwanamke wa makamo mwenye miguu iliyovimba, aliyeuza vitambaa, nyuzi, sabuni na vitu vya wanawake. Nilinunua nyuzi kwake. Siku moja nilimwambia kwamba katoni yake ya sabuni imelala pamoja na viatu vipya, na sabuni yote inanuka gundi. Alikasirika, akafungua, akanusa, akaihamisha katoni. Tangu siku hiyo nikiingia alikuwa ananionyesha vitu.

Jumatatu moja, mwanzo wa mvua, akanitolea chupa ya malashi. Ilikuwa ndogo, ya pembe nne, na karatasi ya kijani iliyochorwa maua meupe yanayoning'inia mfano wa kengele. Ajenti aliyepita kuuza bidhaa alikuwa amemwachia, na Jumamosi angerudi kuchukua oda. Mgiriki alitaka kuagiza katoni nyingi kwa ajili ya wanawake wa komini na wa makambi, lakini aliogopa.

"Juu yangu inanuka vizuri," aliniambia kwa Kiswahili chake. "Lakini mimi nakaa hapa kwenye kiti. Mimi sitwangi sombe. Jipake wewe siku tatu, fanya kazi yako yote, Jumamosi uniambie kweli. Ukiniambia kweli, nakuweka hapa." Akagonga ubao wa meza yake ya kuuzia.

Wakati ule nyuma ya meza za namna hiyo walisimama wazungu wenyewe au vijana wa kiume waliojua hesabu. Mwanamke mweusi sikumwona hata mmoja. Nilikuwa nimesoma kwa masista miaka minne, nilijua kuandika, nilijua hesabu, na nilikuwa nachoka kunusa samaki wa watu bila faida. Nilitaka nafasi ile, nikaichukua chupa.

Njiani nilipiga hesabu yangu. Bwana yangu yuko safarini mpaka Alhamisi. Siku tatu ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Desturi inakataza mafuta, inakataza kusuka, lakini malashi haijayataja. Wawindaji wa zamani wangeyajulia wapi malashi? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, na nilijidanganya kwa akili timamu.

Nilijipaka uani, tone moja kila kiganja, tone nyuma ya sikio, na tone kwenye pindo la kikwembe nilichojifunga. Kwanza lilikuja ganda la limau, kali na la baridi, likapita upesi. Kisha maua. Maua yenyewe ya kwenye karatasi sijawahi kuyaona mpaka leo, lakini harufu yake ilikuwa karibu na michungwa ya mapadri inapochanua na mvua imekatika sasa hivi, isipokuwa ilikuwa nyepesi zaidi, na ya kijani, ukivunja jani utajua ninachosema. Hayakuwa malashi ya wanawake wa bari, wa vilabu vya bia. Yale ya bari yalikuwa mazito, yalitangulia mlangoni na mwenyewe akafuata nyuma. Haya ilibidi mtu akusogelee.

Halafu nikaanza kazi. Niliwasha mbabula, jiko la makaa, nikatwanga sombe ya majani ya muhogo, nikabeba maji kutoka robine, bomba la kambi, nikafua nepi za mtoto. Saa sita upepo ukaleta moshi wa fonderi, kiwanda cha kuyeyusha shaba, ule unaokwaruza koo, nao ndio uliokuwa ukiharibu kila kitu cha harufu mjini hapa. Nikanusa kiganja. Limau lilikuwa limekufa, jasho lilikuwepo, lakini maua yalikuwa bado yamekaa chini ya jasho, hayajachacha. Nilishangaa. Nilikuwa natazamia yawe siki, maana malashi mengi ya bei ndogo mchana yanageuka siki kwenye ngozi yenye kazi. Jioni maua yalipungua, ikabaki harufu ya mbao mpya iliyokatwa, safi. Nilipokwenda kulala niliweka kikwembe pembeni, nisikifue, ili asubuhi nikinuse kama kalabashi ya mama.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kunusa kabla ya hiyo asubuhi. Nilipompelekea bukari, ugali wetu, aliangalia sahani, akaniangalia mimi.

"Weye unanuka."

"Ni kazi ya madamu wa magazini, mama. Aliniomba nijaribu."

"Bwana yako iko mu njia, na weye unajipaka?"

"Si mafuta, mama. Ni malashi."

Alisukuma sahani kidogo kwa vidole viwili, akageukia ukuta. Kwetu, mama mkwe akikataa bukari ya mkono wako, ni heri akupige. Siku ya pili alijipikia mwenyewe kwenye mbabula ya jirani, na hapo kambi nzima ikajua kuna jambo.

Ningeweza kuacha. Ninalisema hili kwa sababu watu wakisimulia makosa yao wanapenda kusema hawakuwa na njia. Mimi nilikuwa nayo. Lakini nikaona hasira ya mama mkwe imekwisha kuja, nikiacha au nisiache ni ile ile, basi nimalize kazi. Jumanne nilijipaka. Jumatano nilijipaka. Kila asubuhi nilinusa kikwembe cha jana, na kila asubuhi maua yalikuwapo kwenye pindo. Nikajua nitamwambia nini Mgiriki. Nilianza hata kufikiri nitavaa nguo gani siku ya kwanza nyuma ya meza.

Alhamisi treni haikuja. Kuchelewa ni kawaida, sikujali. Ijumaa asubuhi kapita, msimamizi wa kambi, alipita kwenye mistari ya nyumba akisema maneno yale yale kila mlango: treni ya kaskazini imeanguka, mabehewa yameacha njia, kuna walioumia, majina hayajafika.

Mama mkwe aliingia ndani akatoka na sanduku langu la mbao, lile nililokuja nalo kwa kuolewa, akaliweka nje chini ya dirisha. Hakupiga kelele.

"Mutoto yangu akikufa, njo weye umemuua," alisema. "Utabeba hii, utarudia kwenu, na mutoto wa kike atabakia hapa."

Mtu anaweza kuniuliza kama niliamini. Nilisoma kwa masista, nilibatizwa, nilijua treni inaanguka kwa sababu ya chuma. Na bado nilichukua majivu ya mbabula, nikachanganya na sabuni, nikaenda nyuma ya nyumba kujisugua viganja, shingo, nyuma ya sikio, mpaka ngozi ikatoka damu. Nikafua kikwembe kwa majivu mara mbili, nikakianika. Kilipokauka nilikinusa. Maua yalikuwapo. Nikafua tena, nikanusa tena, yalikuwapo. Sijapata kuchukia kitu kizuri kama nilivyochukia harufu ile. Binti yangu alilia mgongoni, na kila nilipogeuza shingo kumbembeleza nilijinusa. Nilimwomba Mungu, na nikawaomba pia wale wawindaji wa zamani nisiowajua, wamrudishe, nafasi ya magazini nisiipate kamwe.

Jumamosi mchana, saa ambayo ajenti alikuwa magazini akingoja jibu langu, bwana yangu alitokea mwisho wa mstari wa nyumba. Alitembea kwa miguu kutoka stesheni, mweusi kwa masizi, mkono wa kuume umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Wanawake walisimama milangoni. Alipofika kwetu akaona sanduku nje, akaniona mimi, akamwona mama yake ameketi kizingitini. Akasimama pale pale, kama desturi inavyotaka.

Nilimwendea. Tukasogea mpaka kwenye robine, ambako mama mkwe alituona lakini hakutusikia, nikasema yote: Mgiriki, chupa, siku tatu, majivu. Nilisema nikiwa nimenyoosha viganja vyangu vilivyochunika, na nikamwambia, "Nusa mwenyewe. Mpaka leo haijatoka."

Alishika kiganja kwa mkono wake mzima, akakileta puani. Akakaa hivyo. Kisha akainamisha kichwa.

"Sisikie kintu," alisema.

"Huwezi kukosa kusikia. Iko nguvu."

"Miye sisikiake harufu. Yoyote. Tangu mwaka wa kwanza ku mashini. Ni moto na moshi."

Nilidhani ananituliza. Lakini aliendelea, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye maji yaliyodondoka. Kwenye magurudumu ya behewa kuna masanduku ya mafuta, wao wanayaita bwate. Bwate ikikauka mafuta inawaka, na kabla ya kuwaka inanuka. Kila stesheni mchochea moto anashuka, anatembea ubavuni mwa treni, anagusa na kunusa. Jumatano ilikuwa mvua. Bwate zote zilitoa mvuke, zote zilikuwa vuguvugu, mkono haukuweza kutofautisha. Mashinisti, mwendesha treni, akamwuliza kutoka juu, kunanuka? Naye akajibu hapana. Mbele kidogo ekseli ikakatika. Mlinzi wa treni alivunjika mguu mara mbili. Bwana yangu ndiye aliyemvuta kutoka chini ya mabati ya moto, na mkono ukaungua hapo.

"Kila muntu anasema ile mafuta ikiungua inanuka mubaya, hata mutoto anaisikia," alisema. "Miye nilipita pembeni yake."

Nitasema kweli: kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa mguu wa mlinzi. Nilikumbuka sombe. Mwaka wa pili wa ndoa niliunguza sombe, sufuria nzima, nikalia, naye akala sahani mbili akasema ni nzuri. Miaka yote niliitunza sombe ile moyoni, nilidhani ni mapendo. Mimi, pua ya kambi nzima, nililala na mtu asiyenusa miaka mitano na sikugundua.

"Na chakula yangu?" nikamwuliza.

"Chumvi nasikia. Pilipili nasikia."

Nikakasirika, kisha ndipo mguu wa mlinzi ukanijia, na watu wote wanaopanda treni. Nikamwambia, "Unatoka kwenye ile mashini. Usipotoka, ninaenda mwenyewe kwa shefu wa depo ya treni."

"Nikisema kweli banatufukuza mu nyumba. Mama, mutoto, shiye bote."

"Basi sema mkono. Mkono wako umeungua, hauwezi tena jembe. Lakini unatoka."

Aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nilimshika bega. Mama yake, kule kizingitini, aliona haya: mke anasema, mume anainamisha kichwa na kulia, mke anamshika. Akaelewa alivyoweza kuelewa: mke ametubu, mume amesamehe. Tulipofika mlangoni bwana yangu alimwambia, "Mama, ameniambia yote. Imeisha." Akavuka kizingiti. Alirudi peke yake kuchukua sanduku langu, akaliingiza ndani kwa mkono mmoja.

Bwana yangu alinitazama usiku huo mara nyingi. Nilijua anangoja niseme kama nitamwambia mama yake habari ya pua yake. Sikumwambia. Mama mkwe hakuwa mtu wa kunyamaza kuhusu mwanawe, angeeleza kambi nzima kwa uchungu, na neno lingefika depo. Kwa hiyo nilinyamaza mimi.

Bwana yangu alihamishiwa ghala la depo, kupanga vyuma. Mshahara ulipungua. Kambi ikasema ni kwa sababu ya malashi ya bibi yake, yaani mimi, na hakuna tena aliyeniletea samaki kunusa. Nikipita robine wanawake walisogeza ndoo zao. Nilikuwa na jibu mdomoni miaka hiyo yote, jibu moja fupi tu, na kulimeza kulinichosha kuliko kutwanga.

Jumatatu iliyofuata kurudi kwa bwana yangu nilikwenda kwa Mgiriki. Ajenti alikuwa amekwisha kupita bila oda. Nilimwekea chupa mezani.

"Inanuka nini?" akauliza.

"Limau kidogo, kisha maua, jioni mbao. Moshi wa fonderi hauishindi, jasho haliigeuzi. Na inakaa. Nimeisugua na majivu siku mbili mpaka damu, haijatoka."

Alitazama viganja vyangu kwa muda mrefu. Alimwandikia ajenti barua siku hiyo hiyo, na mwezi uliofuata akaniweka nyuma ya meza. Niliyauza malashi yale miaka mingi, kwa wake za makarani, kwa mabibi arusi, kwa wanawake wa bari waliochoka na mazito yao. Kila mwanamke nilimwuliza kwanza kama bwana yake yuko nyumbani au safarini. Walicheka, wakadhani ni mzaha wa kuuza.

Mama mkwe aliugua mwaka mmoja kabla ya Wabelgiji kuondoka. Ugonjwa ulikuwa wa tumbo, ulinuka, na yeye mwenyewe aliusikia, akaona haya mbele ya wageni. Nilimwosha kila asubuhi. Siku moja, nilipomaliza kumbadilisha shuka, alishika kiganja changu.

"Nipake ile ya treni," alisema.

Nikaleta chupa kutoka sandukuni. Nilimpaka nyuma ya masikio na kwenye pindo la kikwembe. Alifumba macho, akavuta pumzi polepole, limau likapita, akangoja maua. Alikuwa na pua nzuri kumbe, na hatukuwa tumezungumza habari hiyo hata siku moja.

"Iko muzuri," alisema. "Ile treni, mwanangu, nilishakusamehea. Zamani."

Bwana yangu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya depo mkononi. Nilingoja. Nilimpa nafasi ndefu ya kusema ukweli wa ile treni.

"Aksanti, mama," nikasema mimi.

Akamgeukia mwanawe. "Weye unasikia? Inanuka muzuri?"

Alikuja, akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka pua yake shingoni mwa mama yake, akavuta hewa kwa nguvu.

"Inanuka muzuri sana, mama," alisema.

Nilifunga chupa, nikaenda kufua shuka.